Mbwa mzee si yaya: kulea mtoto wa mbwa mchangamfu kwenye boma lenye mbwa mkubwa

Wafugaji wengi huleta mtoto wa mbwa nyumbani pale mbwa wa zamani anapoanza kuchoka: haamki haraka usiku, meno yamekwisha, miguu ya nyuma inakakamaa asubuhi. Hesabu yao ni kwamba mkubwa atamfundisha mdogo kazi, na mwenye boma aendelee na shughuli zake. Ni kweli mtoto wa mbwa huiga, lakini haigi kwa kuchagua. Mkubwa akiwa na tabia ya kula mayai, kufukuza pikipiki au kutoroka usiku, hayo ndiyo mtoto atakayoyashika kwanza, maana yana raha kuliko kulala mlangoni mwa zizi. Tena mtoto anayeachiwa mbwa mzee kutwa nzima humfuata mbwa mwenzake, si mtu. Ukimwita, hutazama kwanza mkubwa ameelekea wapi.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza wakutane kwa vipindi vifupi wewe ukiwapo, na muda mwingine wote kila mmoja awe na sehemu yake. Kazi ya kufunza ni yako.

Kabla mtoto hajafika

Mchukue akiwa na wiki 8, si chini ya hapo. Anayeachishwa mapema, wiki ya 4 au ya 5, hajapata muda wa kukaripiwa na mama yake wala kulia-liana na ndugu zake wanapoumana, kwa hiyo hajui kupunguza nguvu ya meno. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayemkera mbwa mzee kuliko wote. Kama mzee ni dume, jike huzoeleka kwa urahisi zaidi, na kinyume chake. Majike wawili au madume wawili huishi pamoja pia, ila ugomvi wao ukianza huwa mgumu kuuzima.

Mkubwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa angalau mwezi mmoja kabla mgeni hajaingia, na chanjo hiyo irudiwe kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu kampeni za chanjo; nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtoto naye achanjwe kichaa akifikisha miezi 3. Chanjo ya parvo (kirusi cha kuhara damu) na distempa (kirusi kingine kinachoua watoto wa mbwa) huanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo kufanya kazi. Kama mwaka huu mbwa amekufa kwa kuhara damu hapo bomani, usilete mtoto asiyechanjwa. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ya saruji huoshwa kwanza kwa sabuni, halafu kwa jiki sehemu 1 na maji sehemu 30, ikae dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo.

Mjengee mtoto uzio wa mita 2 kwa 3, nguzo na waya wa kuku, urefu mita 1.2, waya ufukiwe sentimita 20 chini maana atachimba. Pawe na kivuli, maji, na kichanja cha mbao kilichoinuliwa sentimita 15 kikiwa na gunia kavu. Uzio huu si adhabu. Mtoto wa umri huo huhitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na anayekosa usingizi huwa mkorofi: huuma na kurukaruka bila kukoma. Watu hudhani ana nguvu nyingi kumbe amechoka.

Siku ya kwanza na mnyororo

Usimshushe mtoto katikati ya uwanja mbele ya mkubwa. Wakutanishe nje ya boma, njiani au ukingoni mwa shamba, mahali ambapo mkubwa hapalindi. Mtu mmoja amshike mkubwa kwa kamba iliyolegea, mwingine mtoto. Tembeeni mkielekea upande mmoja, umbali wa mita 5, kisha mpunguze taratibu. Mkubwa akinusa nyuma ya mtoto kwa sekunde tatu na kugeuka, mambo ni mazuri. Akikakamaa, mkia ukasimama wima bila kuchezacheza na macho yakaganda, sogeeni mbali na mwendelee kutembea. Dakika 15 zinatosha. Ndipo wote waingie bomani, mtoto aende moja kwa moja kwenye uzio wake.

Hapa lazima tuseme juu ya mnyororo, kwa sababu ajali nyingi hutokea hapo. Katika maboma mengi mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa aliyefungwa hana njia ya kuondoka anapochokozwa, hivyo hubakiwa na meno tu. Pima mnyororo wake, ongeza mita moja ya urefu wa mwili wake, chora duara: mnyororo wa mita 3 ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 4. Mtoto asifike kamwe ndani ya duara hilo mkubwa akiwa amefungwa. Na usiwafunge wote wawili jirani minyororo ikagusana. Husokotana, na anayenyongwa humuuma aliye karibu.

Kunguruma ni maneno

Mtazame mbwa mzee amelala kivulini, mtoto anakuja mbio na kumng'ang'ania sikio. Kwanza mzee hugeuza uso pembeni. Mtoto haelewi. Mzee hujilamba midomo, masikio yanarudi nyuma. Mtoto anarukia shingo. Sasa mdomo wa juu unainuka, jino linaonekana, na sauti nzito inatoka kifuani. Mtoto akiendelea, mzee huuma hewa, meno yanagongana sentimita chache mbele ya pua ya mdogo, naye hulia na kujiviringisha chali.

Mzee hapo hajakosea lolote. Ametoa onyo nne kabla ya kugusa. Kosa kubwa ni kumpiga fimbo kwa kunguruma. Ukimpiga mara mbili tatu, ataacha kunguruma, na siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye kuuma bila onyo. Ingilia wewe mapema, pale anapogeuza uso: mwite mtoto kwa jina, mpe kipande cha dagaa akija, mrudishe kwenye uzio au mpe mfupa mkubwa mbichi autafune. Ikiwa mzee amemjeruhi mtoto mpaka damu ikatoka, au anamfuata kumshambulia hata mtoto akiwa ametulia, watenganishe kabisa na mwite daktari wa mifugo amwangalie mzee. Mara nyingi ana maumivu ya viungo au meno, na tunamwita mkali bure. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala panadol za watu. Hutoboa tumbo na kuharibu figo au ini la mbwa.

Chakula

Kila mmoja na sahani yake, mahali pasipoonana, na sahani ziondolewe baada ya dakika 15. Mtoto hula mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, halafu mara 2. Mtoto wa kilo 4 huhitaji kwa siku takriban gramu 100 za unga wa mahindi uliosongwa ugali laini, pamoja na gramu 50 hadi 60 za dagaa wakavu walioondolewa mchanga na kusagwa. Dagaa huliwa na mifupa yake, na hapo ndipo kalsiamu inapotoka. Ugali mtupu huleta matege, hasa kwa mbwa wa umbo kubwa kama Jemani Shepadi. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike kwa kuguswa bila kuonekana kwa macho. Zikionekana, ongeza.

Mahindi yaliyooza, yale yaliyotupwa pembeni wakati wa kupukuchua, yasiende kwa mbwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, haiuawi kwa kupika, na mbwa huathirika nayo vibaya kuliko wanyama wengi: hukataa chakula, hutapika, macho na fizi huwa njano, hufa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vikali vinavyochoma utumbo.

Minyoo, kupe na dawa za ng'ombe

Dawa ya minyoo kwa mtoto ni wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, kisha kila miezi 3. Siku unayompa yeye, mpe na mzee, kwa kuwa wanachangia uwanja. Maini na mapafu ya mifugo iliyochinjwa, yakiwa na vifuko vya maji, yazikwe kwa kina au yachomwe. Mbwa akivila hupata tegu ambaye mayai yake humdhuru binadamu, watoto hasa.

Mzee ndiye anayerudi na kupe kutoka malishoni, na mtoto hana kinga. Wakague wote kila jioni: masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia. Fizi zikipauka na mkojo ukawa wa kahawia, ni suala la daktari siku hiyohiyo. Usimwogeshe mtoto kwa dawa ya josho la ng'ombe, na usimchome ivermectin ya ng'ombe kwa kukisia. Mililita 1 ya ile ya asilimia 1 imepimwa kwa mnyama wa kilo 50. Mtoto ana kilo 3 au 4. Akizidishiwa huyumba, hupoteza uwezo wa kuona na huweza kufa.

Mtoto akimng'ata mtu wakati wa mchezo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali. Kichaa hakiangalii umri wa mbwa.

Kuku

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mbwa aliyewahi kumfukuza kuku mara tatu amejilipa mwenyewe, kwa sababu kukimbizana ni raha yenyewe. Anza wiki ya 9 au ya 10, mtoto akiwa ameshiba. Mfunge kamba ya mita 2, kaa naye mita 5 kutoka kuku wanapodonoa. Atawakodolea macho. Usiseme kitu. Akigeuka kukutazama, hata kwa nusu sekunde, mpe kipande cha dagaa palepale. Dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, na kila siku mbili usogee nusu mita. Akianza kuvuta kamba na kulia, umekaribia mno, rudi nyuma. Epuka kuku mwenye vifaranga, kwani hudonoa macho.

Mkubwa hapa ama ni msaada ama ni hasara. Kama analala katikati ya kuku bila kujali, mlaze karibu, mtoto atatulia haraka. Kama ni mfukuzaji, afungiwe asionekane kabisa wakati wa somo. Mtoto asiachwe huru na kuku bila mtu mpaka afikishe miezi 6 au 7. Ile desturi ya kumfunga mbwa kuku mfu shingoni haimfundishi kitu; mbwa haunganishi mzoga wa leo na mbio za jana. Kumpiga baada ya tukio ni vilevile.

Kuanzia miezi 6

Mtoto asizurure usiku na mkubwa kabla ya miezi 6. Baada ya hapo kuna kipindi kipya, mpaka miezi 18 hivi, ambapo mdogo ana misuli na bado hana akili. Humwekea mzee kidevu begani, humzibia mlango, humchukulia mahali pa kulala. Mpe mzee pahali asipofikiwa, kibaraza au chumba cha nyuma. Wakipigana, usitie mkono: mwaga ndoo ya maji, gonga sufuria, au ingiza gunia au ubao kati yao.

Jike hupata joto la kwanza kati ya miezi 6 na 12, na huchukua karibu wiki 3. Kama mzee ni dume asiyehasiwa, atampanda hata akiwa anachechemea. Panga mapema na daktari wa mifugo amfunge kizazi jike au amhasi dume. Baada ya upasuaji, watenganishe siku 10 hadi 14, maana mchezo mmoja wa kurukiana unatosha kufumua nyuzi.