Namna ya kuingiza mradi wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwenye bajeti ya halmashauri

Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam kukatika huko Somanga, Kilwa, wananchi wa Lindi na Mtwara walikiona kishindo cha mabadiliko ya tabianchi. Halmashauri ina wajibu wa kuchukua hatua, lakini mipango yake huibuliwa vijijini, hivyo kazi inaanzia kwenu.

Wasilisheni hoja katika mkutano mkuu wa kijiji na mhakikishe imeandikwa kwenye muhtasari, kwani ombi la mdomo hupotea njiani. Elezeni kwa ushahidi: kama ni kisima kilichoanza kutoa maji ya chumvi, andikeni kilianza lini, kaya ngapi zinakitegemea na sasa akina mama wanachota wapi. Maelezo ya namna hii, kwa maoni yangu, yana nguvu kuliko kurasa za malalamiko. Kutoka hapo hoja huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa wataalamu wa halmashauri, hatimaye Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na maandalizi ya bajeti hutangulia kwa miezi mingi, msisubiri masika.

Mkiomba mradi wa mikoko, washirikisheni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) mapema na mchague mahali ilipowahi kuota, kwa sababu miche iliyopandwa kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi hung'oka kwa urahisi. Wakulima wa korosho waombe ushauri wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, kupitia afisa ugani.

Bajeti ikipitishwa, mwombeni diwani awaonyeshe kiasi kilichotengwa kwa mradi wenu.