Usiache Chapati Bado: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Siliaki

Siliaki ni ugonjwa ambao vyakula kama ngano humharibia mgonjwa utumbo mwembamba, lakini kipimo chake cha damu hakitafuti ngano tumboni. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo. Usipoila kwa muda, kingamwili hupungua, na damu yako inaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo.

Huku Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu anayekunywa uji wa ulezi asubuhi, akala matoke mchana na posho kwa maharage usiku, anaweza kumaliza wiki nzima bila gluteni, na wala hakukusudia. Mwingine amesumbuliwa na tumbo miezi mingi, jirani akamshauri aache ngano, akaiacha, akapata nafuu, kisha ndiyo anakwenda kupima. Wote wawili wanaweza kupewa majibu hasi yasiyo na maana yoyote. Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni chakula. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mtu awe anakula gluteni kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo. Kwa maisha yetu hiyo ni rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) asubuhi na mkate kwa chai jioni. Kama ulishaacha ngano na ukiionja tu unaugua vibaya, usijilazimishe peke yako. Zungumza na daktari kwanza. Kufunga kula usiku wa kuamkia kipimo hakuhitajiki, isipokuwa kama damu hiyohiyo itapimwa na mambo mengine yanayodai hivyo.

Kabla ya kulipa, uliza maabara watapima nini hasa. Kipimo cha kuanzia huandikwa tTG-IgA; IgA ni aina mojawapo ya kingamwili. Omba kiambatane na kiwango cha IgA yote kwenye damu, maana takribani watu 2 hadi 3 kati ya 100 wenye siliaki hawana IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA hutoka hasi hata utumbo ukiwa umeharibika. IgA ikiwa chini sana, daktari hugeukia vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili. Uliza pia kama sampuli inapimwa palepale au inasafirishwa, ili ujue majibu utayasubiri kwa muda gani.

Karatasi ikitoka, usikimbilie namba. Tazama kwanza safu ya kiwango cha kawaida, kwa sababu kila maabara ina kikomo chake kulingana na vifaa inavyotumia. Namba 15 ni chanya mahali ambapo kikomo ni 10, na ni hasi mahali ambapo kikomo ni 20. Kisha angalia umekipita kikomo mara ngapi. Kikomo kikiwa 20 nawe umepata 38, hujafika hata mara mbili. Kupanda kidogo namna hiyo huweza kuletwa na mambo mengine, kama ugonjwa wa ini au kisukari cha aina ya kwanza. Ukipata 240, hiyo ni mara 12, na uwezekano wa siliaki ni mkubwa sana. Kwa watoto, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu ugonjwa uthibitishwe bila kukata kinyama cha utumbo endapo tTG-IgA imefika mara 10 ya kikomo na kipimo kingine cha kingamwili kiitwacho EMA, kwa damu iliyotolewa siku nyingine, nacho kikawa chanya. Mtu mzima kwa kawaida bado atahitaji kuingizwa kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo mwembamba. Chapati iendelee mpaka kamera ipite! Ukiiacha siku ya majibu ya damu, utumbo unaweza kuanza kupona na kumchanganya daktari.

Kuharisha, kupungua uzito na upungufu wa damu vina sababu nyingi hapa kwetu: minyoo, vijidudu vya tumboni viitwavyo giardia, kifua kikuu cha tumbo, VVU. Naomba sana zisirukwe eti kwa kuwa umesoma kuhusu gluteni. Nenda na orodha ya dawa unazotumia, na useme kama mzazi, ndugu au mtoto wako ana siliaki, kwani huo ni ugonjwa unaotembea katika damu ya ukoo.

Mwisho, omba nakala ya karatasi yenyewe, yenye kikomo na jina la maabara, na uitunze. Ugonjwa ukithibitishwa na ukaacha ngano, damu itapimwa tena baada ya miezi kadhaa, ikiwezekana kwenye maabara ileile, na daktari atahitaji namba ya mwanzo ili aone imeshuka kiasi gani.