Kufuga Channa tankini: anza kwa kupima baridi ya mji wako

Kabla ya kununua samaki aitwaye Channa, nunua kipimajoto. Jaza maji kwenye ndoo ya lita 20, iweke pale pale unapokusudia kuweka tanki, na kwa wiki nzima soma joto la maji mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Andika kila unachosoma. Nambari hizo kumi na nne ndizo zitakazokuonyesha samaki wa kununua. Wengi huanza na rangi, halafu hutumia pesa mwaka mzima wakipigana na hali ya hewa ya nyumba yao.

Channa ni samaki mwindaji mwenye kichwa bapa chenye magamba makubwa kama ya nyoka, mwili mrefu, na mdomo mpana wenye meno makali. Asili yake ni Asia. Ndugu zake wa Afrika, Parachanna, wako Afrika Magharibi na ya Kati. Watu wa kando ya Ziwa Victoria humfananisha na kamongo kwa kuwa wote wawili huvuta hewa, lakini hao si ukoo mmoja, na malezi yao hayafanani.

Nakuru si Kisumu

Channa wadogo wanaopendwa zaidi, yaani bleheri, andrao, stewartii na gachua wa kaskazini-mashariki mwa India, wametoka kwenye vijito na madimbwi ya chini ya milima ya Himalaya. Kwao kuna msimu wa joto na mvua, kisha kuna miezi ya baridi ambapo maji hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ukiwaweka kwenye nyuzi 28 Januari hadi Desemba, watakula kupita kiasi, watakua haraka, watagombana na watachakaa mapema.

Mji wa Nakuru nchini Kenya uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa samaki hawa, hiyo ni bahati. Hita haihitajiki. Kuanzia Juni hadi Agosti acha maji yashuke yenyewe hadi nyuzi 16 au 18, punguza chakula hadi mara moja kwa wiki, na yakishuka chini ya 15 usilishe kabisa. Samaki atatulia chini siku nzima kama mgonjwa, nawe utashawishika kumwashia hita. Usiiwashe. Joto likirudi Septemba atachangamka, na majozi mengi huanza kuzaa baada ya mapumziko hayo. Eldoret ni vivyo hivyo, ila huko angalia usiku wa Julai usije ukateremsha maji chini ya nyuzi 12.

Kisumu ni mita 1,130 hivi na maji ya ndani ya nyumba hukaa kwenye nyuzi 25 na zaidi. Hapo chagua Channa wa nchi za joto: limbata wa Asia ya Kusini-Mashariki, au pleurophthalma wa Sumatra na Borneo kama una nafasi, kwa sababu huyo hufika sentimita 40 na hupenda kuogelea katikati ya maji. Ukiuziwa gachua, muulize muuzaji ametolewa wapi, maana jina hilo limebandikwa samaki wa nchi nyingi zenye hali ya hewa tofauti. Ukishikilia kufuga wa Himalaya ukiwa Kisumu, weka tanki sakafuni kwenye chumba cha upande usiopigwa na jua la alasiri, na elekeza feni ndogo juu ya maji kupitia sehemu ya mfuniko yenye wavu. Mvuke ukitoka, maji hushuka nyuzi 2 hadi 4. Utalazimika kuongeza maji karibu kila siku.

Mmoja wa kukataa kabisa ni micropeltes. Huuzwa akiwa wa sentimita 8, ana mistari mieusi na rangi ya chungwa inayong'aa, mzuri ajabu. Huyo huweza kupita mita moja. Hakuna sebule ya kumtosha.

Tanki na mfuniko

Kwa jozi ya andrao, gachua au bleheri, tengeneza tanki la sentimita 100 kwa 40, kimo 40. Mwambie fundi wa vioo atumie kioo cha milimita 8 na silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni huwa na dawa hiyo na huua samaki. Iache ikauke wiki moja, kisha ulijaze nje kwa saa 48 juu ya magazeti makavu ndipo uliingize ndani. Maji yasizidi kimo cha sentimita 30. Hizo ni lita 120, yaani kilo 120, na kioo kina kilo 30 hivi, bado mchanga. Meza ya kahawa haiwezi. Fundi wa jua kali akuchomelee stendi ya chuma, na kati ya chuma na kioo tandika povu jeupe la milimita 10, lile linalokuja na friji mpya.

Zile sentimita 10 zilizobaki juu ni za kupumulia. Channa ana kiungo juu ya matamvua kinachochukua oksijeni kutoka hewani, na akizuiwa kufika juu hufa maji, hata maji yawe masafi vipi. Kaa kimya utazame kwa ubavu: anainuka polepole, pua inagusa uso wa maji, mdomo unafunguka, kiputo kimoja au viwili vinaponyoka nyuma ya mashavu, na kufumba na kufumbua amerudi chini. Ukiona anapanda mara kwa mara kuliko kawaida yake, pima hapo hapo joto na amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula.

Njia hiyo hiyo ya juu ndiyo anayotorokea. Channa haruki ovyo, hukagua. Usiku huzunguka akisukuma kila pembe kwa pua, na pembe itakayolegea ndiyo atakayopitia. Mfuniko uwe wa kioo cha milimita 5 unaokaa juu ya vipande vya kioo vilivyogundishwa ndani ya kingo, si unaoelea juu ya ukingo. Matundu ya paipu na nyaya yakatwe pembeni, kisha yazibwe kwa sponji ngumu iliyobana. Acha sehemu ndogo yenye wavu wa chuma kwa ajili ya hewa. Juu weka uzito: kwa samaki wa sentimita 15, chupa mbili za lita moja zilizojaa maji zinatosha, kwa wa 30, tumia vibanio. Ujaribu mfuniko kwa kuusukuma kutoka chini kwa kidole kimoja. Ukisogea, samaki pia atausogeza.

Ukimkuta sakafuni, usimtupe hata kama ngozi imeanza kukauka. Huyu huweza kustahimili nje ya maji muda mrefu. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, mweke kwenye beseni lenye maji ya tanki ya kina cha sentimita 8 tu ili afikie hewa bila kuogelea, mfunike, umpe saa kadhaa.

Ndani weka mchanga uliooshwa, vipande vya chungu, na paipu ya PVC ya inchi 3 iliyokatwa urefu wa sentimita 25, mbili kwa kila samaki. Mimea ya kuelea humpa kivuli, lakini usiitoe ziwani, maana huja na konokono na vimelea.

Maji

Maji ya mfereji ya Kisumu hutiwa klorini. Yaache saa 48 kwenye pipa lisilofunikwa, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha chupa. Nakuru shida ni nyingine: maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana magadi na floraidi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, mara nyingi hupita 8. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati. Lenga pH kati ya 6.5 na 7.5, lakini ikiwa 7.8 isiyobadilika, iache. Kuyumbayumba kunaumiza kuliko nambari yenyewe. Jani kavu la mti wa mkungu, moja kwa lita 50, hupaka maji rangi ya chai na hupunguza ukungu kwenye vidonda.

Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa kinatosha kwa jozi. Kiendeshe wiki nne hadi sita kabla ya kuleta samaki, ukidondosha chakula kidogo kila siku ili bakteria wanaokula amonia wakue, hadi amonia na naitraiti, sumu inayotokana na amonia hiyo, zisome sifuri. Hapa ndipo Channa anapowadanganya watu. Samaki wengine maji yakiharibika huhema juu, nawe unashtuka. Huyu mara nyingi huvuta hewa kama kawaida huku amonia ikimchoma mapezi na macho, na ukigundua, jicho lina ukungu mweupe. Kwa hiyo pima kila wiki, usitegemee kumtazama.

Badilisha theluthi moja kila wiki: mitungi miwili ya lita 20, yenye joto lile lile. Stima ikipotea usiku kucha Channa hatakufa, lakini ukitumia kichujio cha kopo lililofungwa badala ya sponji, bakteria ndani yake huoza kwa kukosa oksijeni. Kikisimama zaidi ya saa nne hivi, kifungue na ukisuuze kwa maji ya tanki kabla ya kukiwasha, usije ukamwaga uozo wote ndani.

Chakula

Hapa magharibi mwa Kenya chakula si tatizo. Nyungunyungu wa shamba lisilopigwa dawa ndio chakula bora. Waloweke kwenye maji safi usiku mmoja watoe udongo tumboni. Nyenje wanaofugwa, kama wale wa upande wa Siaya, ni wazuri pia. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, ng'oa mabawa na umpe wanne au watano basi, wana mafuta mengi. Wale waliookotwa chini ya taa iliyopuliziwa dawa ya wadudu, tupa.

Omena wabichi wanaweza kubeba minyoo, kwa hiyo wagandishe siku saba kwanza. Omena wa kuanikwa huja na mchanga, waache jikoni. Kipande cha ngege kisicho na mwiba kinafaa. Nyama ya ng'ombe na ngozi ya kuku hapana, mafuta yake hujaa ini. Samaki hai pia hapana: wengi hununua tanki kwa ajili ya tamasha hilo tu, na wengi huleta ugonjwa kwa mlango huo.

Mwenye sentimita 15 atosheke na nyenje watatu na nyungunyungu mmoja, mara tatu kwa wiki. Wachanga walio chini ya sentimita 10, kila siku kidogo. Tumbo likionekana kama limemeza gololi, umezidisha. Ili kumzoesha punje za chakula cha kambare zinazoelea, za milimita 3, mnyime chakula siku nne, kisha mpe punje moja kwa kibano kirefu baada ya nyenje mmoja, na uzidi kubadilisha uwiano. Wengine hukubali kwa wiki mbili, wengine wanakataa katakata. Mabaki yatoe baada ya dakika 15.

Vidonda, na sheria

Pua iliyochubuka kwa kugonga kioo, na mapezi yaliyoraruliwa, hupona kwa maji safi na chumvi ya gramu 2 kwa lita. Kwa tanki hili ni gramu 240, iyeyushwe kando na kumiminwa kwa mafungu matatu ndani ya siku moja. Toa mimea kwanza. Baada ya siku kumi, ipunguze kwa kubadilisha maji. Mgeni yeyote mtenge wiki nne. Aliyekonda mgongo ingawa anakula huenda ana minyoo, mwone daktari wa mifugo. Anapofungashwa awe peke yake kwenye mfuko wa tabaka mbili, theluthi moja maji, iliyobaki hewa ya kawaida.

Kuingiza samaki hai Kenya kunahitaji kibali, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inahusika, kwa hiyo mdai muuzaji karatasi. Tena, usimtupe mtoni wala ziwani, hata mmoja. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zimetoweka. Marekani walimkuta Channa argus kwenye bwawa la Crofton, Maryland, mwaka 2002, na mwaka huo huo wakapiga marufuku kuingiza ukoo wote.

Jozi na watoto

Dume na jike wawili waliokutanishwa wakubwa kwa kawaida huuana. Nunua wachanga sita, wakuze pamoja, na wawili wakianza kulala paipu moja na kuwafukuza wenzao, watoe wale wanne siku hiyo hiyo. Usiongeze samaki wa aina nyingine. Weka tayari kioo cha kugawia chenye matundu, kwa kuwa hata jozi ya miaka miwili huachana kwa usiku mmoja.

Bleheri hutaga mayai yanayoelea, basi punguza mapovu ya pampu yasiyatawanye. Gachua na andrao dume huyabeba mdomoni: kidevu kinavimba, hali chakula, anajificha. Usimsogeze wala usimmulike tochi. Dume wa mara ya kwanza mara nyingi huyameza. Mwache ajaribu tena. Watoto wakitoka, jike huwatagia mayai yasiyorutubishwa wayale, nawe ongeza viroboto maji na vifaranga vya Artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, mara tatu kwa siku. Wakifika sentimita 3 wapange kwa ukubwa kila wiki, kwa sababu aliyewazidi wenzake kwa nusu ya urefu atawameza.