Mfunguo Nne ukiandama, tia alama siku mbili

Muharram, huu tunaouita Mfunguo Nne, ni katika miezi minne mitukufu, na Mtume (S.A.W.) ameusifu kuwa saumu bora baada ya Ramadhani ni ya mwezi huu. Lakini hauna shamrashamra, basi Ashura, yaani siku ya kumi ya mwezi huu, hutupita tukiwa tumeshakunywa chai na maandazi. Inauma, maana saumu ya siku ile moja yatarajiwa kufuta madhambi ya mwaka uliopita.

Nifanyavyo mimi hapa Chake Chake, Pemba: usiku ule ule mwezi ulipoandama, nachukua chaki naandika nyuma ya mlango wa jiko, "tisa na kumi", na majina ya siku zenyewe za wiki. Fuateni mwezi ulivyoandama, msitegemee kalenda ya ukutani, huweza kupishana kwa siku. Tisa tunaifunga kwa sababu Mtume alinuia kuifunga lau angefika mwaka wa pili yake. Ikikupita, funga kumi na kumi na moja.

Na ukipitiwa na usingizi ukakosa daku, usikate tamaa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, saumu ya sunna waweza kuitia nia hata asubuhi, kabla jua halijapinduka, maadamu hujatia kitu kinywani tangu alfajiri.

Muhogo wa kufutari umenyeni mapema, muuroweke kwenye maji. Nazi ya tui ikunwe alasiri.