Jinsi ya kusoma ngome na kasri za wafalme wa Uskoti, sio kupiga picha tu

Watu wengi wakifika Uskoti wanaingia Edinburgh Castle, wanapiga selfi kwenye mizinga, wanapanga foleni kuona taji, wanatoka. Ukiwauliza mmeona nini wanakwambia tumeona mawe. Nawaelewa kabisa, hakuna aliyewaonyesha pa kuangalia, na jengo la miaka 500 halianzi kukusimulia lenyewe, lazima ujue kuliuliza. Nimeyazunguka haya majengo mara kadhaa sasa, kwa hiyo nakupa maswali ninayoyatumia mimi, ukiyashika hata usipopata mwongozaji utatoka na kitu.

Swali la kwanza, na ukisahau mengine yote hili libaki: huu ukuta ni wa ngome au wa kasri? Kiswahili kimeshatufanyia kazi hapa, ngome ni ya kumzuia mtu asiingie, kasri ni ya mfalme kukaa na watu waone anavyokaa. Ila usiulize kwa jengo zima, uliza ukuta kwa ukuta, maana Uskoti hivi vitu viwili vimebanana sehemu moja. Ngome ya Stirling ukiitazama toka mbali ni ngome tupu, imekaa juu ya mwamba mgumu, inalinda njia ya kuvuka mto Forth kwenda kaskazini, na ndo maana ilipiganiwa sana. Ukiingia ndani unakuta kasri ya mfalme imejengwa katikati ya hiyo ngome.

Jibu mara nyingi liko kwenye madirisha. Tundu jembamba chini ya ukuta, hapo mtu alikuwa na bunduki au mzinga anakusubiri. Dirisha kubwa refu, hapo mtu anataka mwanga na anataka umwone. Sasa simama kwenye uwanja wa ndani pale Stirling, tazama kasri ya James wa Tano, aliianza karibu 1538, mwaka aliomwoa Mary of Guise kutoka Ufaransa, akafa 1542 haijaisha. Ukuta wote umejaa sanamu zimesimama kwenye nguzo katikati ya madirisha, kuna Zuhura kama mungu wa kike wa mapenzi, kuna mfalme mwenyewe na ndevu zake pale kwenye kona, zunguka upande wa kusini utakuta mpaka shetani. Ni mfalme anasema kwa mawe kwamba na mimi ni kama wafalme wa Ufaransa. Halafu rudisha macho kwenye yale madirisha makubwa, yana nondo za chuma. Yaani pamoja na urembo wote ule bado alikuwa anaogopa, na dirisha moja tu lenye nondo linakwambia mambo ya Uskoti ya wakati ule kuliko bango lolote la maelezo.

Jambo la pili, usidanganywe na mawe ya kijivu. Tumezoea kuona ngome iko wazi, mawe yanaonekana, tukadhani ndo ilivyokuwa. Hapana. Nyingi zilipigwa lipu ya chokaa na changarawe nje kuzuia mvua, na ndani zilipakwa rangi kali kabisa, nyekundu, bluu, dhahabu. Ukumbi Mkuu wa Stirling, ule wa James wa Nne uliokamilika karibu 1503, leo una rangi ya dhahabu hivi, unauona toka mbali sana kabla hujafika mjini. Kuna wenyeji waliolalamika ukarabati ulipoisha 1999, wakasema umeharibu mandhari, lakini mimi nasema tuliozoea vibaya ni sisi. Jeshi lilikuwa limeugeuza ukumbi ule kuwa kambi, wakaukatakata kwa sakafu na vyumba vya askari, waliondoka 1964 na ikachukua zaidi ya miaka 30 kuurudisha. Ingia, hesabu mahali pa kuotea moto, utapata 5. Kwenye ukumbi huo huo ndo ilifanyika karamu ya ubatizo wa Henry, mtoto wa mfalme James wa Sita, mwaka 1594, samaki waliletwa mezani ndani ya mfano wa meli wenye mizinga inayolia kweli. Na kanisa dogo lililo pembeni lilijengwa mwaka huo huo kwa ajili ya huo ubatizo tu.

Tatu, hesabu milango. Hii ndo naipenda kuliko zote. Ndani ya kasri ya Stirling vyumba vya mfalme vimepangwa kwa mstari, ukumbi wa nje, ukumbi wa ndani, halafu chumba cha kulala. Vya malkia hivyo hivyo upande wa pili, na vyumba vyao vya kulala vinakutana mwisho. Kila mlango ulikuwa ni mchujo, mtu wa kawaida mwenye shida yake anaishia cha kwanza, mkubwa anaingia cha pili, cha tatu ni wale wa karibu kabisa. Kwa hiyo ukiwa mle ndani tembea taratibu na kila ukivuka mlango jiulize mimi ningezuiwa wapi. Kwenye ukumbi wa ndani wa mfalme inua kichwa, dari lina vichwa vya mbao vilivyochongwa kwenye duara, kila kimoja karibu mita moja upana. Vile ni nakala 37 mpya zilizopakwa rangi, vya asili vya mwaloni vilitolewa baada ya dari kuporomoka 1777, vilivyobaki viko kwenye maonyesho humo humo ndani. Nenda uvione, usogee karibu mpaka uone alama za patasi, rangi imeshatoka lakini sura ziko hai.

Ukitaka kuona mpangilio wa vyumba unavyoweza kumwua mtu nenda kasri ya Holyroodhouse, Edinburgh. Mnara wa kaskazini magharibi ni wa James wa Tano, 1528 mpaka 1532. Mary malkia wa Waskoti alikaa juu, mume wake Darnley chini, na kati yao kuna ngazi nyembamba ya kuzunguka. Tarehe 9 Machi 1566 wauaji walipanda kwa ngazi hiyo, wakamkuta malkia ana mimba kubwa anakula na katibu wake David Rizzio kwenye kachumba kadogo sana, wakamtoa Rizzio nje wakamchoma visu zaidi ya mara 50. Milango ya mbele yenye walinzi haikusaidia kitu. Kaone hicho kachumba, ukubwa wake ndo unakufanya uelewe kwamba hakukuwa na pa kukimbilia.

Ukitoka Holyrood simama mbele ya lango ufanye zoezi la nne, tafuta mshono, yaani mahali jengo la zamani linapokutana na la baadaye. Kuna minara miwili, kushoto na kulia, inafanana kama mapacha. Mmoja ndo ule wa James, mwingine umejengwa miaka ya 1670, karibu miaka 140 baadaye, Charles wa Pili alipomwagiza Sir William Bruce aitengeneze upya kasri na yeye akaona kuna mnara upande mmoja tu, akajenga wa pili ili pawe na usawa. Ingia uwani sasa, kila ghorofa ina nguzo za mtindo tofauti, chini Doriki, katikati Ioniki, juu Korintho, mitindo ya nguzo za Wagiriki wa kale, hesabu ya kitabuni kabisa. Hapo hakuna ngome tena.

Mshono wa Edinburgh Castle uko chini. Ile boma kubwa ya mizinga ya nusu duara mbele ya ngome, chini yake kuna magofu ya mnara ulioanzwa na David wa Pili 1368, ulivunjwa kwa mizinga 1573, wakajenga juu yake wakausahau, ukaja kugunduliwa 1912. Kuhusu kitu cha zamani zaidi pale, ni kile kikanisa cha Mtakatifu Margaret cha miaka ya 1130, kadogo, ukikipita haraka hukioni. Kimebaki kwa sababu moja, mwaka 1314 watu wa Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, walipoiteka ngome toka kwa Waingereza, aliamuru ibomolewe ili Waingereza wasiitumie tena, kanisa likaachwa. Stirling nayo aliibomoa mwaka huo huo baada ya kuwashinda Waingereza kwenye vita vya Bannockburn. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia ukuta fulani wa Stirling ni wa kabla ya 1314 muulize vizuri.

Kasri ya Falkland kule Fife nitapita haraka ila usiiache. Simama barabarani uone upande wa mbele, ni mtindo wa Gothiki, ule wa makanisa makubwa ya zamani ya Ulaya. Ingia uwani ugeuke utazame jengo lile lile kwa nyuma, utaona nguzo na vichwa ndani ya duara kama uko Ufaransa, na kweli mafundi wa kutoka Ufaransa walikuwepo. Jengo moja sura mbili. Na kuna uwanja wa tenisi wa 1539, bado unachezewa. Balmoral, kasri ya Malkia Victoria, ni hadithi nyingine, imekamilika 1856, ile minara ni ya kupendezesha, hakuna aliyetegemea kupigana pale.

Mwisho nakushauri hivi, uanzie kasri ya Linlithgow, hata kama kila mtu anakwambia anza Edinburgh. Treni toka Edinburgh ni kama dakika 20, cheki kwanza mtandaoni sehemu gani ziko wazi maana mawe ya zamani yanakaguliwa na kufungwa mara kwa mara. (Holyrood pia cheki, mfalme akiwepo panafungwa.) Sababu ya kuanzia Linlithgow ni kwamba haina paa wala fanicha, iliungua 1746 jeshi la serikali chini ya Duke wa Cumberland lilipolala pale, kwa hiyo hakuna pazia la kukupoteza macho, mifupa yote iko nje. James wa Kwanza aliianza 1424, wafalme waliofuata wakaongeza pande mpaka ikawa mraba umezunguka uwa, katikati kuna chemchemi ya 1538. Mary malkia wa Waskoti alizaliwa humo Desemba 1542. Ukumbi mkubwa una pa kuotea moto pana mpaka pamegawanywa mara tatu. Sogelea mawe ukutani kwa jicho la karibu utafute vialama vidogo vilivyokwaruzwa, mishale, misalaba, ni saini za mafundi waliochonga.

Halafu rudi uwani ulinganishe upande wa kaskazini na mingine mitatu. Ulianguka 1607, wafalme walikuwa wameshahamia London tangu 1603 James wa Sita alipopata taji la Uingereza, ukajengwa upya kati ya 1618 na 1622. Madirisha yamenyooka mistari, juu yake kuna mbigili wa Uskoti na waridi la Uingereza vimechongwa pamoja. Ni nyumba nzuri iliyojengwa kwa mfalme ambaye hakurudi kuishi. Ukimaliza toka nje, zunguka ziwa mpaka ng'ambo, kama saa moja hivi kwa mwendo wa pole, ukifika upande wa pili kaa chini uutazame huo upande wa kaskazini wote kwa pamoja, uanze tena swali la kwanza, dirisha kwa dirisha.