SOMO: Watu wawili, boti moja ya matanga, kutoka Oswego hadi Mackinac

Mmeniomba niandike hatua kwa hatua jinsi mimi na mume wangu tulivyovuka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kutoka Oswego, bandari ya Ziwa Ontario, hadi Mackinac, kisiwa cha Ziwa Huron. Nitafuata mpangilio wa safari yenyewe, na pale tulipokosea nitasema. Boti yetu ina urefu wa mita 10, inahitaji maji ya kina cha mita 1.5, na ndani tulikuwa wawili tu. Hilo la mwisho ndilo lililoamua kila kitu. Kwenye boti ya watu wawili kila kazi lazima iwezekane kwa mtu mmoja, maana kuna saa mwenzako atakuwa amelala, anatapika, au yuko majini.

Hatua ya 1: Kila mmoja ajue kazi ya mwenzake

Karibu kila boti ya mke na mume niliyokutana nayo ina mgawanyo uleule: mume kwenye usukani, mke kwenye kamba. Sisi pia. Kabla ya kuondoka tukafanya zoezi. Tulitupa majini pira moja la ubavuni, lile la kukinga boti isigonge gati, mume wangu akakaa ndani kimya kama hayupo, nami nikatakiwa kulifuata na kulipandisha peke yangu. Ilinichukua karibu dakika 20. Maji ya Ziwa Ontario mwezi wa Juni bado yana baridi ya kuuma. Mtu asingenisubiri kwa muda huo.

Tulirudia wiki nzima hadi nikashuka chini ya dakika 5. Kisha ikawa zamu yake. Yeye kuigeuza boti hakumpi shida, lakini alishindwa kunipandisha kutoka majini. Nguo zikilowa, mtu huwa mzito kama gunia la mchanga. Tukanunua ngazi ya kamba na kapi za kuvutia, zikakaa mahali pa kufikika gizani.

Utaratibu tuliobaki nao ni huu: paza sauti, tupa boya, weka alama kwenye GPS, elekeza omo (mbele ya boti) kwenye upepo boti ipungue mwendo, tua tanga la mbele. Injini iwashwe mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna kamba inayoburuzwa majini.

Hatua ya 2: Mlingoti

Mnaotoka New York kwa Mto Hudson hamtafika maziwani mlingoti ukiwa wima. Njia ya Mfereji wa Erie hadi Buffalo ina madaraja yenye nafasi ya mita 4.7 tu, ile ya kukatia Oswego ni mita 6.4 hivi. Wengi huushusha Catskill au Castleton, kandokando ya Hudson, huulaza juu ya boti kwenye vitegemezi vya mbao, kisha huusimamisha tena Oswego. Fungeni kitambaa chekundu kwenye ncha zinazozidi mbele na nyuma, na mkumbuke kwamba sasa boti yenu ni ndefu kuliko mlivyoizoea. Mfereji wa Oswego una malango ya maji 7 (vyumba vya kupandisha au kushusha boti kwa kujaza au kupunguza maji), ingawa namba zake zinafika 8. Namba 4 haipo. Tuliitafuta!

Hatua ya 3: Kipimo cha siku

Boti kama yetu hutembea noti 5. Kwa saa 8 ni maili 40 za baharini, yaani kilomita 74. Hapo ndipo tulipoweka kikomo. Pwani ya kusini ya Ziwa Ontario inakubali mpango huo vizuri: Sodus Bay, Rochester, Oak Orchard, kisha kuelekea mdomo wa Mto Niagara. Kila asubuhi tuliandika bandari mbili, tunayoitaka na tutakayokimbilia.

Waliozoea kusi na kaskazi watahangaika kidogo. Huku hakuna msimu wa kuutegemea. Upepo unaweza kuzunguka pande zote ndani ya siku mbili. Kiangazi mara nyingi hutoka magharibi au kusini-magharibi, na ninyi mnakwenda huko huko. Kwa hiyo mtapiga bisho sana, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na zile maili 40 za ramani zinaweza kuwa 60 za majini.

Hatua ya 4: Kufunga gatini bila kugombana

Nimeona ndoa zikiyumba zaidi kwenye gati kuliko kwenye mawimbi. Mmoja anapiga kelele nyuma, mwingine anaruka mbele na kamba mkononi, kila mtu bandarini ameacha chai yake anatazama. Kuruka ni marufuku kwetu. Mguu ukivunjika, mmebaki na baharia mmoja.

Tunatumia kamba moja tu ya kwanza, iliyofungwa katikati ya ubavu wa boti. Ubavu ukigusa gati, nashuka kwa hatua ya kawaida, nazungusha kamba kwenye chuma cha gatini kilicho nyuma ya katikati ya boti, narudisha ncha yake kwenye boti. Mume wangu anaweka injini mbele, taratibu kabisa, na usukani anaugeuza upande ulio mbali na gati. Kamba inakaza na boti inajilaza ubavuni mwa gati, inatulia hapo hata kama upepo unaisukuma nje. Kamba za omo na tezi (nyuma ya boti) zinafuata bila haraka. Jifunzeni hili siku ya shwari kabla hamjalihitaji. Nusu ya bandari tulizoingia, aliyeshika usukani nilikuwa mimi.

Hatua ya 5: Mfereji wa Welland

Ontario na Erie zimetenganishwa na maporomoko ya Niagara, hivyo mnapandishwa kwa Mfereji wa Welland, upande wa Kanada: malango 8, kilomita 43, karibu mita 100 kwenda juu. Boti isipungue urefu wa mita 6 au uzito wa kilo 900. Na hapa ndipo wawili hawatoshi. Kwa chombo cha kupanda wanataka watu watatu. Kwa kushuka, wawili. Tulimpata baharia mstaafu gatini, akakubali kwa malipo ya chakula na nauli ya kurudi. Tafuteni wenu mapema.

Meli kubwa hupita kwanza, kwa hiyo pakieni chakula cha siku nzima. Maji yakiingia langoni huchemka kama sufuria, na kila lango kati ya yale 7 ya mwanzo hukunyanyueni mita 14 hivi. Vaeni glavu. Kamba ya langoni isifungwe kwa fundo kamwe; shikeni huku mkiivuta kadiri boti inavyopanda.

Hatua ya 6: Erie, mito, halafu Huron

Msidanganywe na udogo wa Erie. Kina chake cha wastani ni mita 19 tu, na ndiyo sababu mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila kukupa pumzi. Upepo mkali wa kusini-magharibi husukuma maji ya ziwa zima kuelekea Buffalo, na upande wa Toledo ukabaki na matope. Ukitia nanga magharibi siku kama hiyo, acha akiba ya kina. Sisi tulilala Port Colborne, mfereji unapoishia Erie, siku nne tukisubiri, na hatukujuta.

Kutoka Erie mnapanda Mto Detroit, Ziwa St. Clair na Mto St. Clair, mkondo wote ukiwa usoni. Pabaya zaidi ni chini ya madaraja ya Blue Water, Port Huron, mahali ziwa zima linapojimimina mtoni. Tulipita asubuhi, upepo ukiwa umelala, injini ikilia, tukitazama nyumba za ukingoni zikirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baada ya hapo ni Huron, bandari moja baada ya nyingine hadi Mackinac, kisiwa kilichokataza magari tangu 1898.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, tuanze na kumaliza mwezi gani?
Mfereji wa Erie hufunguliwa katikati ya Mei. Ingieni maziwani Juni, mwe mmemaliza mapema Septemba. Novemba msiitamani: tarehe 10 Novemba 1975 Edmund Fitzgerald, meli ya mita 222, ilizama Ziwa Superior na watu wote 29.

Mpakani inakuwaje? Nawe unatoka Marekani unaingia Kanada.
Mkigusa gati la Kanada, nahodha peke yake ndiye anayeshuka kupiga simu kwa forodha. Wengine wabaki botini hadi ruhusa itoke. Kurudi Marekani kuna programu ya simu ya forodha yao iitwayo CBP ROAM, na ofisa anaweza kutaka kuwaona kwa video. Kama mna viza, ulizeni mapema.

Kaka yako hapa. Ramani inasema mita 2, nami nahitaji 1.8. Nipite?
Kaka, angalia kwanza kiwango cha maji cha mwaka huo. Michigan na Huron zilishuka hadi rekodi ya chini Januari 2013, na kufikia 2020 gati nyingi zilikuwa zimefunikwa na maji. Ramani ni ileile. Upepo nao unaweza kukunyang'anya sentimita 20 unazozitegemea. Mimi nisingepita.

Choo mlifanyaje?
Tangi. Uchafu wa choo haumwagwi ziwani. Unanyonywa bandarini kwa mashine. Tuliandika bandari zenye mashine hiyo kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, baada ya tangi kujaa Jumapili moja na mashine ya bandari kuwa mbovu.

Na usiku mlisafiri?
Mara moja tu, Ziwa Huron, kwa zamu za saa tatu. Sharti letu lilikuwa kwamba aliye zamu amejifunga mkanda kwenye boti, na haendi omo mpaka amwamshe mwenzake. Saa nane usiku tanga la mbele lilinasa. Nilimwamsha. Alikuja amevaa jaketi la kujiokolea juu ya nguo za kulalia, bila viatu, akashika usukani, nikaenda mbele mimi.