Kutambua vipuri visivyolingana kwenye chasisi ya pikapu kuukuu

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo anayetaka pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980 au 1990 huitafuta humu humu, na vipuri vyake vikubwa hutoka kwa magari yaliyobomolewa. Si ajabu basi kukuta Kisumu au Nakuru pikapu yenye ekseli ya gari moja na springi za lingine. Kuchanganya si kosa. Kosa ni kununua bila kujua kilichochanganywa.

Anza na namba. Kwenye Hilux ya miaka hiyo, namba ya chasisi hugongwa kwenye reli ya kulia (moja ya boriti mbili ndefu za chasisi), karibu na gurudumu la mbele. Isugue kwa brashi ya waya, kisha uilinganishe na logibuku na bamba la kiwandani. Ukiona chuma kimesagwa au tarakimu hazikai mstari mmoja, achana na gari hilo, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Msimbo wa modeli nao unasema mengi: LN ni injini ya dizeli ya familia ya L, na RN ni ya petroli ya familia ya R. LN85 ilitoka kiwandani ikisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ilhali LN106 ilisukumwa na yote manne, ikiwa na ekseli nzima (boriti moja kutoka gurudumu hadi gurudumu) na springi za majani hata mbele. Kwa hiyo LN85 yenye springi za majani mbele imefanyiwa kazi kubwa, na vishikizo vya springi hizo lazima viwe vimechomelewa na fundi fulani.

Ingia chini na tochi baada ya gari kuoshwa. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka thelathini hunitia shaka kuliko kutu. Tafuta bolti mahali palipokuwa na riveti, matundu yasiyoshika kitu, na mishono ya kuchomelea inayokata reli wima, kwa kuwa huko ndiko chasisi mbili huunganishwa. Pima pia kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kila upande, magurudumu yakiwa yameelekezwa mbele. Vipimo viwili vikitofautiana waziwazi, ama ekseli imekaa upande ama chasisi imepinda.

Hesabu nati za magurudumu. Tano mbele na sita nyuma maana yake ekseli moja ni ya kuazima, na gurudumu la akiba litafaa upande mmoja tu.

Kinachofichika zaidi ni difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli. Kwenye pikapu ya magurudumu manne, difu za mbele na nyuma zinapaswa kuwa na uwiano mmoja (idadi ya mizunguko ya propela shafti kwa mzunguko mmoja wa magurudumu), la sivyo ukiendesha kwa magurudumu yote manne kwenye lami kavu, mitambo itakazana hadi kitu kivunjike. Weka giaboksi huru na gia ya magurudumu manne ikiwa imefunguliwa, zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua gurudumu moja la nyuma juu ya stendi, kisha uachilie breki ya mkono. Tia alama ya chaki kwenye propela shafti na uzungushe gurudumu mara 20. Kama difu si ya kujifunga, mizunguko hiyo 20 ya gurudumu moja, la pili likiwa limesimama, ni sawa na 10 ya yote mawili, kwa hiyo shafti itazunguka kama mara 41 kwa uwiano wa 4.1, na 43 kwa ule wa 4.3; mizunguko michache haingeonyesha tofauti hiyo. Rudia mbele, habu (vifungo vinavyounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) zikiwa zimefungwa.

Mwisho, fuata waya wa breki ya mkono na kile kijiti kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ekseli ikibadilishwa, mara nyingi kijiti hicho huachwa kikining'inia au hufungwa kwa waya, na gari lililopakia miwa likiteremka Nandi Hills kuelekea Chemelil huwa na breki za nyuma zisizojua uzito wake.